Maji ya Nyumba ya Chini

Nyinyi vijana mnaosimamia nyumba za watu kwa simu mnanifurahisha, na mnanitia wivu kidogo. Mpangaji akikosa maji anawatumia picha ya mfereji mkavu, na fundi anafika kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa tunaitiwa dirishani. "Mama Kemunto, choo kimejaa." "Mama Kemunto, stima imeenda kwangu pekee." "Mama Kemunto, huyu wa juu anatwanga nini?" Nilisimamia ploti za kupangisha hapa Nakuru tangu Kemunto wangu akiwa wa kubebwa mgongoni mpaka akaniletea wajukuu. Vijana wa mtaa waliacha jina langu, wakaniita Mathe wa Keja. Nilizoea. Mathe ni mama, keja ni nyumba, na karibu maisha yangu yote yalikuwa nyumba za wengine.

Juzi mpwa wangu, ambaye ameanza kazi hii huko Lanet, alikuja kuniomba nimfundishe. Nikamwambia nitamfundisha yote, pamoja na lile moja ambalo huwa nikifika karibu nalo nabadilisha mazungumzo. Lakini nitaanza na mepesi. Hata mtu mwenye jambo la aibu hupenda kwanza akaribishwe, aketi, anywe chai.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Kirpal, Kalasinga mmoja wa kilemba cha buluu aliyejenga nyumba nyingi za mjini kabla hajazeeka. Alinikuta nikiosha ngazi za jengo lake, akaniuliza kama najua kusoma. Nilisema najua. Akanipa funguo. Maneno yake yalikuwa machache na Kiswahili chake kilikuwa cha mkato, lakini sijawahi kuyasahau. "Nyumba si ukuta," alikuwa akisema. "Nyumba ni maji na choo. Ukuta ni kwa picha."

Kwa hiyo ukipewa jengo jipya ulisimamie, usianze kusifu vigae. Vuta maji ya choo mara mbili ukiwa umesimama hapo hapo. Inama chini ya sinki, upapase kwa mkono. Nenda siku ya mvua, ukae kimya, usikilize. Halafu ufuate mabomba kutoka tangi la juu mpaka kila nyumba, ujue vali ya kila mpangaji iko wapi. Vali ni kile kigurudumu chekundu cha kufungia na kufungulia maji. Bomba la mtu mmoja likipasuka, unafunga lake tu, wengine hawateseki. Mimi ningeweza kuzipata vali zangu zote nikiwa nimefumba macho.

Kuhusu wapangaji, Mzee Kirpal alinifundisha nisikilize swali la kwanza. Anayeuliza habari ya rangi, atahama upesi. Anayeuliza habari ya maji, atakaa. Anayeuliza geti linafungwa saa ngapi, huyo muulize na wewe mawili matatu. Nilijiona nimeiva, mpaka nikampangisha kijana mmoja mpole aliyeniambia atakaa peke yake na Mungu wake. Jumamosi ya kwanza, Mungu wake alikuja na kwaya nzima, na ngoma, na kayamba. Walijaa kwenye kile chumba mpaka sauti za besi zikabaki nje kwenye ngazi. Nilipopanda kuwafukuza nikakuta wanaimba wimbo nilioimba nikiwa msichana, nikasimama pale, nikaingiza na yangu. Mzee Kirpal aliponisikia nikimsimulia alicheka mpaka akashika kilemba. "Wewe ni mlinzi mbaya sana," alisema.

Lakini siku moja hakucheka. Kulikuwa na mpangaji mkorofi aliyetusumbua kila siku, nami nikapendekeza tumfungie maji ahame mwenyewe. Mzee aliweka kikombe chini. "Wewe nataka mtu aondoke, wewe kwenda, gonga mlango, sema ondoka. Mdomo iko. Kufunga maji si kazi ya nyumba. Ni kazi ya jela." Nilimwambia nimesikia.

Sasa niwaambie habari ya ule mwaka wa korona.

Wakati huo Mzee Kirpal alikuwa amekufa zamani, na mimi nilikuwa nasimamia jengo la ghorofa kule Free Area, mali ya mama mmoja niliyezoea kumwita Mama Shiro. Alikuwa ameuza mitumba miaka mingi, akauza mpaka akajenga, na benki ikamsaidia kumalizia. Yeye alikaa Njoro kwenye shamba lake, nami nilikaa hapo hapo kwenye jengo, nyumba ya karibu na geti. Alikuwa akiniambia, "Mama Kemunto, wewe ndiye macho yangu." Nilijivunia.

Mlikuwa wadogo, lakini mnakumbuka. Kafyu, barakoa, shule zimefungwa, redio inasoma habari za wagonjwa kila alasiri na sisi tunanyamaza kama tunaosomewa majina. Watu wengi walikosa kazi. Wapangaji wangu walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda ushago, kwao mashambani, wengine na godoro juu ya bodaboda. Kila nyumba ikibaki wazi, Mama Shiro alikuwa akipiga simu sauti yake ikiwa chini kuliko jana. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa pumu tangu utoto. Nililala nikiogopa na kuamka nikiogopa. Niliweka pipa la maji na sabuni getini, likiwa na mfereji mdogo, na nikakataza mtu kuingia bila kunawa. Jirani wa jengo la pili alikuja kuliangalia ili na yeye aweke kama hilo. Hilo nalo nilijivunia.

Katika nyumba ya chini, ile ya kona, aliishi Jepkemboi, nesi wa hospitali moja hapa mjini. Siku alipokuja kuangalia nyumba, swali lake la kwanza lilikuwa, "Jua linafika kwa hii kamba ya nguo asubuhi?" Alitaka nguo zake za kazi zikauke juani. Alikuwa na binti mmoja, Chebet, na walikaa nasi miaka kadhaa bila neno baya na mtu yeyote. Korona ilipoingia, walimpeleka kazini kwenye wodi ya wagonjwa hao. Alimchukua Chebet akampeleka kwa nyanya yake Molo, akarudi peke yake. Aliniambia getini akinawa mikono, "Ni heri nimkose kidogo, kuliko nimletee kitu." Nilimjibu kwamba Mungu atamlipa.

Habari ikasambaa kwamba anafanya wodi hiyo. Hakuna aliyemtukana. Ilianza kwenye kamba. Akianika, wengine wanaanua nguo zao, hata zikiwa mbichi. Akipita, kina mama wanawaita watoto ndani. Nilimwona mtoto mmoja amebana pumzi, mashavu yamefura, mpaka Jepkemboi alipomaliza kupita. Jepkemboi pia alimwona. Alienda akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango polepole.

Halafu wapangaji wakaniita uani. Aliyesema kwa niaba yao ni bwana nitakayemwita Baba Tito, muuzaji wa vipuri vya magari, mtu wa heshima, mzee wa kanisa. Jina lake si hilo, na baadaye mtaelewa kwa nini namficha.

"Mama Kemunto, sisi hatumchukii huyo dada," alisema. "Anafanya kazi ya maana. Lakini anatoka kwa wodi ile anakuja anashika geti hii hii tunashika."

"Ananawa," nilisema. "Hata nguo anabadilisha huko huko kazini. Aliniambia."

"Wewe uko na pumu. Wewe ndiyo ungekuwa wa kwanza kusema." Wengine waliitikia. "Tumeongea kama familia. Kama yeye anabaki, sisi tunatoka. Mimi, huyu, na hawa wa juu. Mwisho wa mwezi tunakuachia nyumba zako."

Nilimpigia Mama Shiro nikamweleza. "Fanya vile unajua, Mama Kemunto," alisema. "Lakini usinieleze." Huwa nikisimulia watu wanataka kumlaumu yeye. Hakunituma nifanye nilichofanya. Alinipa nafasi, na mimi ndiye niliyeijaza.

Kilichobaki kilikuwa kwenda kwa Jepkemboi na kugonga mlango wake. Nilienda. Nilisimama nje, nikasikia redio yake ikicheza nyimbo za Kikalenjin kwa sauti ya chini, na yeye akifuatisha. Nilirudi bila kugonga. Nilijiambia amechoka, nitakuja kesho. Kesho nikajiambia vilevile. Ukweli ni kwamba sikuwa na uso wa kumwambia. Ningemwambia umekosa nini? Na kwa sababu sikuwa na uso, nilitafuta njia isiyohitaji uso. Nilizunguka nyuma ya jengo, kwenye kisanduku cha mabomba, nikakizungusha kigurudumu cha nyumba ya chini mpaka kikakaza.

Alikuja kwangu asubuhi, ametoka zamu, bado ana alama za barakoa mashavuni.

"Mama Kemunto, maji imeisha kwa tangi?"

"Si tangi. Bomba lako limepasuka chini ya simiti."

"Na wa juu wanapata?"

"Bomba lao ni lingine. Nimeita fundi, lakini ni mgonjwa. Siku hizi unajua vile kuko."

"Haya," alisema. "Pole kwa fundi."

Alinipa pole ya fundi ambaye hakuwapo. Nikaipokea.

Alichukua jerikeni akaenda kuchota kwenye lile pipa langu la getini. Mama Tito alimwambia maji yale ni ya kunawa wageni, si ya kubeba. Nilikuwa dirishani kwangu, nikasikia, nikavuta pazia. Alienda kwa kioski cha maji barabarani, na mwenye kioski, ambaye wateja wake walikuwa wameshamwambia, akamjibu kwamba amefunga. Kuanzia siku hiyo sijui alikuwa akitoa maji wapi. Nilimwona mara moja akitoka mbali, upande wa barabara kuu, jerikeni mbili mikononi, akizitua kila baada ya hatua chache apumzishe vidole. Huyo alikuwa mtu ambaye nchi nzima ilikuwa ikiimbiwa redioni jinsi ya kunawa mikono kwa ajili yake na wenzake.

Mniulize kama nililala. Nililala. Hilo ndilo huniaibisha zaidi nikilikumbuka. Nilikuwa nimepata suluhisho, na wapangaji walikuwa wametulia.

Asubuhi moja bomba la nyumba ya ghorofani lilianza kuvuja kweli, nami nikaenda kwenye kisanduku kulifunga. Nilikuwa nimeinama, sikumsikia akija. Nilipoinua kichwa nilimkuta Jepkemboi amesimama nyuma yangu na jerikeni tupu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaangalia vile vigurudumu. Kila kimoja nilikuwa nimekiandikia namba ya nyumba kwa rangi nyeupe, kwa mkono wangu, vizuri kabisa, kama Mzee Kirpal alivyonifundisha.

Aliweka jerikeni chini, akapita kando yangu, akainama, akakizungusha cha kwake. Hakikuwa kizito. Mabomba yakakohoa. Halafu tukasikia, kupitia dirisha lake lililokuwa wazi, maji yakianguka ndani ya karai. Alikuwa ameacha mifereji wazi siku zote hizo akingojea yarudi. Tulisimama pale wawili, tukisikiliza maji, na mimi nilitamani aniseme, anitukane, afanye kitu ambacho ningeweza kukijibu.

"Si mngeniambia tu, Mama Kemunto," alisema. "Ningehama."

Nilianza kusema habari za Baba Tito, za wapangaji, za mwezi kuisha. Aliinua mkono kidogo, kama mtu anayezuia mlango usijifunge kwa kishindo.

"Naomba uyaache mpaka jioni. Nioge, nifue zile nguo, halafu nitatoka."

Fikirini. Aliniomba. Nyumba aliyokuwa ameilipia, maji ya haki yake, na akaniomba ruhusa ya kuoga. Nami nikamjibu, "Sawa," kama ninayemfanyia hisani.

Alihama siku hiyo kabla ya kafyu, na mkokoteni mmoja. Watu walisimama kwenye vibaraza vya juu wakiangalia, na barakoa zao usoni, hakuna aliyeshuka kumshikia hata ndoo. Mwenye mkokoteni alikuwa mgeni wa mtaa na hakujua kisa, alikuwa akiongea naye na kucheka njia nzima mpaka getini. Nilipoingia kuangalia nyumba, nilikuta ameisugua sakafu, choo, kuta, mpaka vitasa vya milango, inanuka dawa. Katika miaka yangu yote hakuna mpangaji aliyewahi kuniachia nyumba safi namna ile. Alijua tutaiogopa.

Na tuliiogopa. Kila aliyekuja kuitazama aliambiwa na jirani nani alikuwa akikaa pale, akaondoka. Nyumba ya chini ilikaa tupu muda mrefu kuliko nyingine zote. Mnaosomea mambo ya uwekezaji, lipimeni hilo mkitaka. Mimi silitaji kama funzo la biashara. Hata kama ingepata mpangaji kesho yake, ningesema ninachosema leo.

Miezi ilipita. Alasiri moja Mama Tito aligonga mlango wangu, barakoa imeshukia kidevuni.

"Baba Tito hapumui vizuri," alisema. "Tulidhani ni homa. Sasa hata kuongea hawezi."

"Mpelekeni hospitali."

"Anakataa. Anasema wakimchukua hatarudi. Na watu watajua." Alianza kulia. "Si uko na namba ya yule dada?"

"Dada yupi?" niliuliza, nikijua.

"Yule wa nyumba ya chini."

Nilikuwa nayo namba. Sikuwa nimeifuta wala sikuwa nimeipiga. Niliipiga nikiwa nimegeukia ukuta.

"Mama Kemunto," Jepkemboi alisema. Na yeye hakuwa ameifuta yangu.

Nilimweleza. Nilitaja jina la mgonjwa kwa sauti ndogo, nikitumaini labda hatalisikia sawasawa. Akaniambia nimpelekee mgonjwa simu mlangoni mwake, nisiingie ndani kwa sababu ya pumu yangu. Alikumbuka pumu yangu. Alimwambia Baba Tito ataje majina yake yote matatu bila kupumzika katikati. Baba Tito hakuweza kufika la pili.

"Mleteni sasa," Jepkemboi alisema. "Msingoje jioni. Mfungue vioo vyote vya gari. Mkifika getini semeni mnaniulizia mimi, nitatoka."

Alitoka kweli. Mama Tito aliniambia baadaye kwamba alimkuta amesimama getini na kiti cha magurudumu, amefunikwa mwili mzima, akamtambua kwa macho tu.

Baba Tito alikaa huko majuma. Mungu alimsaidia, akarudi, suruali zikimwanguka kwa kukonda. Siku ya kwanza aliniita kando, pale kwenye kamba ya nguo.

"Mama Kemunto, nakuomba kitu kimoja. Mimi nilikuwa ushago. Nilienda kuangalia viazi. Sawa? Watu wakijua nilikuwa kwa ile wodi, duka yangu imekwisha. Na hapa pia, unajua vile watu wako."

"Sawa," nilisema. "Ulienda kuangalia viazi."

Na nikaitunza siri hiyo. Mpangaji mmoja aliponiuliza, nilimsimulia hata hali ya viazi vyenyewe, jinsi baridi ilivyoviunguza. Niliisema vizuri, nikatabasamu. Nilipofunga mlango wangu ndipo nilipolazimika kukaa chini. Huyu, aliyekuwa mgonjwa kweli, nilimfichia na kumlinda, na hakuna aliyewahi kujua wala kumwambia ahame. Yule, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, nilimkausha kama mti. Kumbe siku zote nilijua jinsi ya kumsitiri mtu. Nilikuwa nachagua tu nani wa kumsitiri.

Nilimweleza Mama Shiro habari za nyumba ya chini, hata kama alikuwa amesema nisimweleze. Alisema, "Mwambie arudi. Nyumba ni yake, hata kodi tutaongea." Alikuwa analia, nadhani, au ni laini ya simu.

Ilinichukua muda kumpigia Jepkemboi tena. Wakati huo shule zilikuwa zimefunguliwa na barakoa zilikuwa zimebaki za mifukoni. Aliniambia, "Karibu Jumapili, baada ya kanisa." Alikuwa anakaa Rhonda, chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vya mabati. Nilibeba mkate, sukari na majani chai. Nilimkuta na Chebet, amerefuka, anafanya hesabu za shule juu ya kitanda. Madumu ya maji yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, yamefunikwa kwa leso. Nilijitahidi nisiyaangalie.

Alinipikia chai. Tuliongea habari za mvua, za barabara, za Molo. Chebet alipotoka kwenda kuosha vikombe nikasema nilichokuja kusema. Sikumtaja Baba Tito wala Mama Shiro. Nilisema, "Nilikufungia maji, na nikakudanganya, na nilikuona ukibeba jerikeni nikavuta pazia. Nimekuja kukuomba msamaha."

Alikuwa anakunja leso, akaikunja mpaka mwisho.

"Ulikuwa unaogopa," alisema.

"Ndiyo."

"Hata mimi nilikuwa naogopa. Kila siku." Akaiweka leso kando. "Kuhama hakukuniuma sana. Ni vile nilikuwa natoka kazini nimechoka, mtu amenifia mkononi, nataka tu kuoga. Nafika, nakaa pale kwa mlango nikifikiria, leo nitaoga wapi. Na wewe unanisalimia."

Nilimweleza kwamba nyumba ya chini iko wazi, mwenyewe amesema arudi.

"Asante," alisema. "Tumezoea hapa." Na baada ya muda, "Nimekusamehe, Mama Kemunto. Lakini tumezoea hapa."

Nilipoinuka, alimwambia Chebet anisindikize mpaka barabarani, kama desturi. Msichana alinishika mkono bila kuambiwa, kwa sababu kulikuwa na matope na aliniona nachagua pa kukanyaga. Alinionyesha mahali pa kupita. Alinihadithia habari za mwalimu wake wa hesabu. Kisha akasema, kama anayeongea na nyanya yake, "Shosho, wewe ndiyo ulikuwa unakaa karibu na geti, kule Free Area?"

"Ndiyo."

"Nilipenda kule. Nilipotoka Molo nilidhani tunarudi kule." Aliruka dimbwi, akanivuta taratibu nami nilivuke. "Mama alisema alichoka tu na ile nyumba. Ati ilikuwa na giza."

Haikuwa na giza. Jua lilikuwa linaingia kwenye nyumba ile asubuhi kuliko nyumba zote za jengo. Jepkemboi alikuwa amenitunzia jina langu kwa mtoto wake, na ningeweza kuliacha hapo, nikaenda nyumbani.

"Mama yako hakuchoka," nilimwambia. "Ni mimi nilimfanya ahame. Nilimfungia maji."

Chebet alisimama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa anawatibu wagonjwa, na tuliogopa."

Alinitazama, jinsi watoto wanavyotazama hesabu ambayo jibu lake limekataa. Halafu akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, si kwa hasira, aliutoa tu, akauweka mfukoni mwa sweta.

"Barabara ni hapo mbele," alisema. "Utaiona."

Akageuka, akarudi kwa mama yake. Nilisimama pale kwenye matope mpaka nikajua nitavukia wapi.